Jinsi ya kuandaa jioni ya chakula na mazingaombwe mjini Kisumu

Ngege mzima wa kukaangwa huliwa kwa mikono, na karata za mwanamazingaombwe hushikwa kwa mikono hiyo hiyo. Jambo hilo dogo lilinipita usiku ambao ndugu zangu nami tuliadhimisha miaka 40 ya ndoa ya wazazi wetu katika mkahawa mmoja wa hadhi hapa Kisumu. Tulikuwa watu 48, tukamleta mwanamazingaombwe kutoka Nairobi, nami nikampangia azunguke mezani wakati ule ule samaki na ugali vilipokuwa vikiandaliwa. Katika meza ya kwanza karata zake ziliingia mafuta, katika meza ya pili zikaanza kugandana, na alipofika kwa wajomba hakuna aliyekuwa tayari kuweka tonge chini ili achague karata. Msanii alikuwa hodari na wapishi walifanya kazi yao vizuri. Ratiba niliyoiandika ndiyo iliyowagonganisha.

Tangu siku hiyo nimesaidia kuandaa jioni nyingine nne za namna hii, mbili Kisumu, moja Kakamega na moja Nakuru, na kila mara nimeanza kwa kuamua saa ya mazingaombwe, kisha nikaupanga mlo uifuate saa hiyo. Wengi hufanya kinyume chake: huchagua mkahawa kwa sababu ya mandhari, huchagua menyu kwa sababu ya bei, halafu humtafutia msanii nafasi iliyobaki. Nafasi iliyobaki huwa ni ile ambayo watu wana njaa au wana usingizi.

Amua kwanza aina ya mchezo

Mazingaombwe yanayofaa mkahawani ni ya aina mbili, na kila moja inadai mpangilio wake wa meza, wa taa na wa muda. Aina ya kwanza ni mazingaombwe ya mezani, yanayochezwa mbele ya watu sita hadi wanane, umbali wa mkono mmoja tu, kwa vitu vidogo kama karata, sarafu, pete, kipande cha kamba, au vikombe na vipira. Mchezo huo wa vikombe ni wa kale sana, kiasi kwamba Seneca, mwanafalsafa wa Roma, aliutaja katika barua zake za karne ya kwanza. Msanii husimama kwenye meza moja kwa dakika saba au nane, kisha huhamia nyingine. Mjini Chicago, nchini Marekani, familia ya Schulien ilikuwa na mkahawa ambamo Matt Schulien mwenyewe, mmoja wa wenye mkahawa, aliwafuata wateja mezani na karata zake, na desturi hiyo ya mazingaombwe ya mezani na ya baa imebaki kuwa sifa ya mji ule.

Aina ya pili ni mchezo wa ukumbi mdogo, ambapo wageni wote huelekea upande mmoja na kumtazama msanii kwa nusu saa hadi dakika 40. Hapa vifaa ni vikubwa kidogo, kipaza sauti kinahitajika, na wageni wachache huitwa mbele kusaidia. Ipo pia aina ya tatu, ile ya jukwaa kubwa yenye masanduku, moshi na wasaidizi, lakini ninakushauri uiache kabisa, kwa kuwa mkahawa hauna dari iliyo juu vya kutosha, mapazia wala mlango wa nyuma wa kuihifadhi.

Piga hesabu kabla ya kuchagua. Ikiwa una wageni 20 katika meza tatu, mazingaombwe ya mezani pekee yanatosha, kwa maana msanii atazimaliza meza zote kwa nusu saa na anaweza kurudia kila moja baada ya chakula. Ukiwa na wageni 80 katika meza kumi, dakika nane kwa kila meza pamoja na muda wa kuhama zitakula karibu saa moja na nusu, na meza ya mwisho itakuwa imechoka kusikia wenzake wakipiga vifijo. Kwa idadi kama hiyo, chagua mchezo wa ukumbi, au ajiri wasanii wawili. Kwa wageni kati ya 30 na 50, ambao ndio ukubwa wa kawaida wa sherehe ya familia, ninapendelea kuchanganya: mzunguko mfupi wa mezani wageni wanapowasili, na mchezo mmoja wa ukumbi baada ya kula.

Mfano ulionisaidia kuona hivyo unatoka Hollywood, ambako jengo liitwalo Magic Castle, lililojengwa mwaka 1909 na kufunguliwa kama klabu ya wanamazingaombwe mwezi Januari 1963, huwapa wageni chakula katika vyumba vya kulia, kisha huwapeleka katika kumbi ndogo ndogo za michezo. Mlo una mahali pake na mchezo una mahali pake. Huhitaji jengo kama lile ili kuufuata mpango huo. Unahitaji tu kukubali kwamba mtu hawezi kutafuna mfupa wa samaki na kukodolea macho mikono ya msanii kwa wakati mmoja.

Siku na saa

Ijumaa usiku inapendwa na wengi, lakini katika ukanda huu ina tatizo ambalo mgeni wa mbali halijui. Waadventista Wasabato ni wengi Kisii, Nyamira na katika maeneo mengi ya Nyanza, na kwao Sabato huanza jua linapotua Ijumaa na kumalizika jua linapotua Jumamosi. Ukiandaa burudani Ijumaa usiku, shangazi na watoto wake watakuletea udhuru wa heshima, nawe utaona viti vitupu bila kuelewa sababu. Jumamosi baada ya magharibi ni salama kwao. Hapa Kisumu jua hutua baina ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo kuwakaribisha wageni saa moja unusu Jumamosi hakumnyimi mtu ibada yake. Ikiwa unao wageni Waislamu na ni mwezi wa Ramadhani, waulize kwanza kuhusu futari na swala ya tarawehe. Wengi watakuomba usogeze sherehe mbele hadi baada ya Idi, na ni vyema kukubali.

Fikiria mvua pia. Kati ya Machi na Mei mvua za masika huja na radi na upepo wa ghafla kutoka ziwani, hasa alasiri na jioni, na bustani iliyokuwa kavu saa kumi na moja huwa matope saa mbili. Katika miezi hiyo usikubali ahadi ya kukaa nje isipokuwa mkahawa umekuwekea ukumbi wa ndani kwa maandishi.

Ukague mkahawa usiku

Nenda ukauone mkahawa usiku, siku ya wiki ile ile na saa ile ile utakayoitumia. Mandhari ya Ghuba ya Winam wakati wa machweo, iwe kutoka Dunga au kutoka juu kwenye vilima vya Riat katika barabara ya kwenda Kakamega, humfanya mtu asahau kuuliza maswali, na mchana hakuna linaloonekana kati ya yale yatakayokusumbua gizani.

Ukiwa kando ya ziwa, simama mahali msanii atakaposimama, utandaze leso ya karatasi mezani na uhesabu hadi thelathini. Ikipeperuka, karata pia zitapeperuka. Tazama taa: wadudu wa ziwani hujaa kwenye taa nyeupe za nje jioni nyingine kiasi cha kuangukia ndani ya glasi, na hakuna msanii atakayeufanya mkono wake uangaliwe huku watu wakipunga nzi. Kwa sababu hizo mbili mimi huwaandalia wageni vinywaji nje wakati wa machweo, ambao ndio uzuri wa Kisumu ambao hakuna ukumbi unaoweza kuushinda, kisha huwaingiza ndani kwa chakula na mchezo.

Ndani, tafuta ukuta usio na dirisha wala kioo, na uombe sehemu ya kuchezea iwe mbele ya ukuta huo. Mazingaombwe hutegemea pembe ya macho. Mtu anayeketi nyuma au ubavuni mwa msanii huona kile ambacho mchezo umetengenezwa kukificha, naye akishakiona hukisema kwa sauti. Kwa hiyo viti vipangwe kama nusu mwezi, na njia ya wahudumu ya kwenda jikoni isipite mgongoni mwa msanii. Swichi za feni za dari ujue zilipo, maana feni huvuma kwenye kipaza sauti na kupeperusha vitu vyepesi. Uliza kama jenereta hujiwasha yenyewe stima inapopotea, na kama inazilisha taa za ukumbi huo au za jikoni na mapokezi tu. Swali hili meneja wengi hulijibu haraka kwa kusema ipo, basi omba akuonyeshe taa zipi hubaki zikiwaka.

Jambo moja ambalo watu hulisahau ni televisheni. Jumamosi usiku ni usiku wa kandanda, na hata mkahawa wenye vitambaa vyeupe mezani huwa na skrini kubwa karibu na baa. Bao likifungwa wakati msanii wako anauliza karata iko wapi, kelele zitakazotoka upande wa pili wa ukuta zitaimaliza kazi ya dakika kumi. Ama ukodi ukumbi wenye mlango unaofungwa, ama ukubaliane na meneja kwamba skrini ya karibu itazimwa kwa saa moja, na umtaje kwa jina mfanyakazi atakayeizima.

Menyu na ratiba

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi kuliko kwingine kote, na ningekuomba nawe ufanye hivyo.

Kuna washauri watakaokuambia uondoe samaki mzima kwenye menyu ya jioni ya mazingaombwe, uweke minofu ya mbuta inayoliwa kwa uma. Ushauri huo siukubali. Mzee aliyetoka Siaya au Homa Bay hadi mjini kwa sherehe ya mwanawe, akapewa kipande cha minofu chenye jani juu yake, atakushukuru kwa adabu na kwenda kulala akiona hakula. Mpe ngege wake mzima, mpe ugali wake, mpe na mboga ya mrenda au osuga ikiwa ndivyo apendavyo. Jogoo wa kienyeji kwa wageni wa kutoka Kakamega na Vihiga nao asikosekane. Kinachopaswa kusogea ni mchezo, si samaki.

Ratiba ninayoitumia sasa kwa sherehe ya wageni wapatao 40 katika siku ya kawaida ni hii. Wageni hufika kuanzia saa kumi na mbili jioni na kupokewa nje kwa maji ya matunda na vitafunio vikavu vinavyoshikwa kwa kijiti, visivyo na mchuzi wala mafuta ya kudondoka. Katika muda huo msanii hupita kwenye vikundi vilivyosimama, akifanya mchezo mmoja au miwili kwa kila kikundi, na giza linapoingia anakuwa amefahamika kwa karibu kila mtu. Saa moja na robo wote huketi ndani, dua inaombwa, mwenye sherehe anasema maneno machache, na chakula kinaingia saa moja unusu. Tangu hapo hadi saa mbili unusu msanii hafanyi lolote. Naye huketi ale, kwenye meza ya pembeni, na chakula chake huwa kimelipiwa. Saa mbili unusu meza husafishwa, wahudumu hupita na maji ya uvuguvugu, sabuni na taulo, na saa tatu kasorobo mchezo wa ukumbi unaanza, ukichukua dakika 35. Keki na chai hufuata baada yake, kwa kuwa watu wanaotoka kushangazwa hutaka kuzungumza, na chai ndiyo inayowapa nafasi hiyo. Jumamosi yenye wageni Wasabato, au katika siku ambayo wengi wanatoka kazini, sogeza kila kitu kwa saa moja na nusu, ufupishe vinywaji vya nje kuwa nusu saa.

Kituo cha kunawa mikono usikichukulie kuwa jambo la adabu tu. Bila maji ya moto na sabuni baada ya samaki, kila kitu ambacho msanii atawapa wageni kitarudi kikiteleza. Mimi huomba wahudumu wanne wapite na mabirika na mabeseni mezani, kwa sababu watu 40 wakisimama kwenda kunawa kwenye sinki mbili, utapoteza dakika 20 na nusu ya wageni hawatarudi kwa wakati, watakuwa wamekutana na mtu waliyesoma naye.

Jikoni nako kunahitaji taarifa mapema. Samaki wazima 40 hawawezi kukaangwa na kutiwa mchuzi kwa nusu saa katika jiko la kawaida la mkahawa. Kusanya oda za wageni angalau siku mbili kabla, uzipeleke zikiwa zimeandikwa kwa meza, na mpishi mkuu apewe nyakati mbili tu za kukumbuka: saa ya chakula kuingia na saa ya meza kusafishwa. Katika kukusanya oda hizo, uliza juu ya miiko. Wasabato wengi hawali mumi, yaani kambare, wala nyama ya nguruwe, Waislamu watataka uhakika wa nyama halali, na familia za Kihindi ambazo zimekaa Kisumu vizazi kadhaa mara nyingi hazili nyama kabisa, na zile za Kijaini hazili hata kitunguu na saumu. Aliyeulizwa mapema hujiona amealikwa kwa dhati.

Ninavutiwa sana na habari za Max Malini, aliyeishi kati ya mwaka 1873 na 1942 na kusifika kwa michezo aliyoifanya katika karamu. Alikuwa akikaa mezani akila na wenyeji wake kama mgeni yeyote, kisha kwa wakati aliouchagua yeye akaazima kofia, akazungusha sarafu chini yake mara kadhaa, na mara ya mwisho alipoiinua kofia palikuwa na pande kubwa la barafu mezani. Chakula hakikumharakisha. Msanii utakayemwajiri hana budi kupewa uhuru kama huo, na uhuru huo hutokana na ratiba ambayo jiko limeielewa.

Kumchagua msanii na kukubaliana naye

Usimwajiri mtu kwa picha. Omba video ya mchezo mmoja mzima usiokatwa, uliochezwa mbele ya watu wa kawaida, usikilize sauti yake na jinsi anavyozungumza na anayemsaidia. Anayewafanyia watu kejeli ili wengine wacheke hafai kwa sherehe yenye wazee. Uliza anazungumza lugha gani kwa urahisi. Kiswahili kinawaunganisha wageni wa Kisumu wa kila kabila, na ukipata anayeweza kuchomeka maneno machache ya Dholuo au Luluhya mahali panapofaa, bibi zako watamsikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Akitoka Nairobi, ambako ni mwendo wa takriban kilomita 350 kwa barabara, afike angalau saa tano kabla ya sherehe, na ikiwezekana siku iliyotangulia. Akija kwa ndege, mkumbushe kwamba karatasi za kuwaka ghafla na vimiminika vinavyoshika moto haviruhusiwi kusafirishwa ndani ya ndege, na visu haviruhusiwi katika mkoba wa mkononi. Wasanii wazoefu wanayajua hayo, lakini anayeanza anaweza kufika na nusu ya mchezo wake ikiwa imebaki uwanjani. Kuhusu moto wenyewe, usiuruhusu ukumbini bila idhini ya meneja, hasa chini ya dari ya makuti ambayo mikahawa mingi ya kando ya ziwa inayo.

Mapatano yaandikwe, hata kama ni ukurasa mmoja: tarehe, saa ya kufika, muda wa kila sehemu ya mchezo, ada, arabuni itakayotangulia, nauli na malazi, na nini kitatendeka sherehe ikiahirishwa. Andika pia mambo ambayo hutaki yafanyike. Mimi huandika mawili. La kwanza, kitu cha mgeni kisiazimwe bila yeye kuulizwa kwa upole mbele ya wote, na pete ya ndoa isiguswe kabisa isipokuwa mwenyewe ndiye aliyejitolea. La pili ninalieleza hapa chini.

Waeleze wageni watakachokiona

Lugha yetu ina maneno tofauti kwa mchawi, kwa mganga na kwa mwanamazingaombwe, na waliosoma shule za msingi za Kenya miaka ya nyuma wanamkumbuka yule msanii aliyekuja na sanduku lake, wanafunzi wakatoa shilingi chache na kujazana darasani kumwona akitoa vitambaa mdomoni. Hata hivyo, usidhani kila mgeni atatofautisha. Kuna mzee ambaye karata humkumbusha pata potea ya kituo cha mabasi, iliyomla nauli. Kuna mchungaji anayejiuliza kama ni halali yeye kuketi pale. Na katika jamii zetu za magharibi, ambamo watu wameumizwa na hata kuuawa kwa kushukiwa uchawi, mtu akisomewa mawazo yake hadharani anaweza kuogopa kwa dhati, na hofu hiyo haistahili kuchekwa.

Basi kwenye mwaliko weka sentensi iliyo wazi, kwa mfano: «Baada ya chakula kutakuwa na mchezo wa mazingaombwe, yaani wepesi wa mikono na kiinimacho, kwa ajili ya burudani ya familia.» Mpigie simu mchungaji au imamu aliyealikwa, umweleze mwenyewe. Mshereheshaji naye arudie maneno hayo kabla msanii hajaanza, na msanii aanze kwa mchezo wa kuchekesha wenye kamba au sarafu, ili watu waone mikono ikifanya kazi, kabla ya kuingia katika michezo ya kutabiri.

Sharti langu la pili linatokana na kisa cha mwaka 1856, pale serikali ya Ufaransa ilipompeleka Algeria mwanamazingaombwe mashuhuri Jean-Eugène Robert-Houdin ili awaonyeshe wenyeji kwamba Wafaransa wana nguvu kupita viongozi wao wa dini. Alimwita mtu shupavu jukwaani, akadai amemnyang'anya nguvu zake, na mtu huyo akashindwa kuinua kisanduku kidogo kilichokuwa kimeshikwa na sumaku ya umeme iliyofichwa. Alikuwa fundi mkubwa wa sanaa hii, na mtindo wa kucheza katika mavazi ya jioni unahusishwa naye tangu alipofungua ukumbi wake mjini Paris mwaka 1845, lakini alichofanya Algeria kilikuwa kutumia burudani kuwatisha watu. Kwa hiyo ninaandika katika mapatano kwamba msanii hatadai kuwa na nguvu za roho, hatasema anazungumza na marehemu, na hatamfanya mgeni aonekane amepokonywa nguvu au akili.

Kuhusu wanaoitwa mbele, mpe msanii orodha fupi ya watu wachangamfu wanaokubali, na orodha nyingine ya watu wasioitwa. Katika familia nyingi za Waluo na Waluhya, mkwe wa kiume na mama mkwe wake hustahiana kwa kukaa mbalimbali, na msanii asiyejua anaweza kuwaita wote wawili washike ncha mbili za kamba moja. Wapangie meza tofauti, zisizotazamana kwa karibu, na majina yao yawe juu kabisa katika orodha ya pili.

Fedha

Ukipewa bei ya mkahawa kwa kila mgeni, uliza kama imejumlisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, tozo ya utalii ya asilimia 2, na ada ya huduma ikiwa mkahawa huo unaitoza. Bei isiyojumlisha hayo inaweza kupanda kwa karibu moja ya tano siku ya bili. Uliza pia ada ya kuleta keki yako na ada ya kufungua chupa zilizotoka nje. Arabuni ilipwe kwa nambari ya biashara ya M-Pesa ya mkahawa, wala si kwa simu ya mfanyakazi, na ujumbe wa malipo uhifadhiwe. Ada ya msanii iwe katika bajeti tangu siku ya kwanza; familia inayomchangia msanii mwishoni huishia kumwomba apunguze muda, na muda ndio uliomleta.

Usiku wenyewe

Mteue mtu mmoja, asiyekuwa wewe, awe kiungo kati ya mshereheshaji, jiko na msanii. Kwangu kazi hiyo huifanya binamu yangu, kwa kuwa ana sauti tulivu na haogopi kumwambia mjomba kwamba hotuba imetosha. Simu ziwekwe chini wakati wa mchezo wa ukumbi, na mpiga picha awe mmoja, akae mbele. Mwanga wa simu kutoka pembeni humulika hasa pale ambapo msanii hataki pamulikwe. Watoto waketi mbele sakafuni kwenye mkeka, na mtu mzima mmoja awe kando yao.

Wageni wakikuuliza msanii alifanyaje, waambie hukumuuliza. Baba yangu, ambaye alikuwa fundi wa saa kwa miaka mingi, alikaa siku nzima baada ya sherehe akiigeuza karata iliyotiwa saini na mama, akitafuta mkato wowote, na sijawahi kumwona akifurahia kushindwa namna ile.

Saa nne magari yawe yamefika. Boda boda si usafiri wa kumpa mzee aliyevaa suti usiku, kwa hiyo kodi matatu ya abiria 14 kwa wanaokwenda upande mmoja, na waliokunywa wasiachiwe funguo za magari yao. Kabla taa za ukumbi hazijazimwa, pita meza kwa meza pamoja na msanii, mhakikishe kila pete, saa na noti iliyoazimwa imerudi kwa mwenyewe, kisha mmalizie malipo yake papo hapo na umfungie chakula cha njiani.